Tope Jeusi Ndani ya Rejeta: Niliyojifunza Katika Nyumba ya Miaka ya 1970

Tope jeusi linaloziba mabomba ya kupasha joto katika nyumba za zamani huku Uingereza ni chuma cha rejeta zenyewe, yale mapanda ya chuma ya ukutani yanayotoa joto vyumbani, kilicholiwa kidogo kidogo kutoka ndani mpaka kikawa unga. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa kwetu ninaokutana nao hapa Milton Keynes, waliopanga na walionunua, wanaamini kwamba mfumo ukichafuka dawa yake ni kuusafisha basi. Kusafisha kuna nafasi yake, na nitaieleza. Lakini chuma hakiliwi kwa kasi mpaka kipate hewa, na nyumba inayovuta hewa kwenye mabomba yake itatengeneza tope jipya hata ukiisafisha kila mwaka. Kwanza itafutwe hewa inapopitia.

Mji huu ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1967, na nyumba yetu ni ya miaka ya 1970, wakati mitaa ilikuwa bado inachorwa. Wajenzi wengi wa enzi zile walipenda kupitisha chini ya sakafu mabomba membamba ya shaba, ya milimita 8 au 10, kwa sababu yanakunjika kwa mkono na yanapita kirahisi kati ya mbao. Ukiondoa unene wa shaba yenyewe, njia ya maji kwenye bomba la milimita 8 inabaki chini ya milimita 7. Katika nyumba yenye mabomba mapana, tope linaweza kukaa miaka kabla hujalihisi. Katika nyumba ya namna yetu, tope dogo tu linakunyima chumba kizima.

Nieleze mfumo wenyewe kwa anayeishi mahali pasipo na haja ya vitu hivi. Boila iko jikoni, inachoma gesi na kupasha maji. Pampu inayasukuma maji hayo mpaka kwenye rejeta za chuma zilizofungwa ukutani, yanatoa joto, yanarudi kwenye boila. Ni maji yaleyale yanazunguka. Hayachanganyiki na ya kuogea wala ya kunywa. Darini kuna tangi dogo la plastiki. Kutoka kwenye tangi hilo bomba moja linashuka kuuongezea mfumo maji yanapopungua, na bomba la pili linapanda kutoka chini, linajikunja juu ya tangi na kuachwa wazi, ili mfumo upate pa kupumulia maji yakitanuka kwa joto. Nyumba nyingi za zamani bado ziko hivi. Za siku hizi hazina tangi darini: mfumo umefungwa pande zote, una kipimo cha presha, na maji huongezwa kwa kufungua vali.

Ulipofika msimu wa baridi ambao mama mzazi alikuja kukaa nasi kutoka Tanga, chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye msururu wa mabomba, na ndicho kilichokuwa baridi kuliko vyote. Boila ilikuwa inawaka mchana kutwa. Sebuleni tulivaa fulana. Mama alikaa kitandani na khanga mbili juu ya sweta, akaweka kiganja chake kwenye rejeta na kuniuliza, "Mwanangu, hiki chuma hapa ukutani kazi yake nini?" Sikuwa na jibu. Mtu wa miaka yake aliyezoea joto la pwani, ukimweka kwenye chumba cha baridi anaugua. Hilo lilinikaa moyoni kuliko bili ya gesi, ingawa bili nayo ilikuwa inapanda.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitoka kampuni fulani ya hapa mjini. Alifungua kabati la boila, akaitazama, akasema imezeeka, bora iwekwe mpya, akaniachia bei. Hakugusa rejeta hata moja. Hakupanda darini.

Wa pili nilielekezwa na watu wa msikitini. Ni mzaliwa wa Lamu, amefanya kazi hii huku kwa miaka mingi, na amesajiliwa Gas Safe, daftari ambalo tangu Aprili 2009 ndilo linalotambua mafundi wa gesi walioruhusiwa kisheria. Yeye alianza kwa kuvua viatu na kuomba boila iwashwe na kila rejeta ifunguliwe kabisa. Kisha akanipeleka chumba kwa chumba.

"Dada, weka mkono hapa juu. Sasa shusha mpaka chini, katikati. Unahisi nini?"

Juu ilikuwa ya moto, siwezi kuacha kiganja. Katikati chini, eneo la upana wa sinia, ilikuwa baridi kabisa. Akanieleza kwamba hapo ndipo tope linapokaa: maji huingia pembeni na kutokea pembeni, mwendo wake unakuwa mdogo pale katikati chini, na kilicho kizito kinatua. Rejeta ikiwa moto chini na baridi juu, kuna hewa au gesi iliyonaswa. Ikiwa baridi yote huku jirani zake zinachoma, ama pini ya vali imekwama, ama bomba lake limeziba. Tangu siku hiyo sijamwita fundi kabla ya kuzungusha mkono wangu kwanza, na nimegundua kwamba ukimweleza fundi kwa simu "ya moto juu, baridi chini katikati," anakusikiliza tofauti.

Chumba cha mama kilikuwa na ugonjwa mwingine juu ya huo. Kila wiki nilikuwa nafungua kivalvu cha juu cha rejeta kwa ule ufunguo mdogo ili kutoa hewa, na kila wiki ilikuwa imejaa tena. Fundi aliponusa jambo hilo alibadilika uso. "Hewa inayotolewa kila wiki inaingia kila wiki," alisema. "Twende juu."

Darini tulikuta tangi halina kifuniko. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na chini mashapo ya kutu nyekundu yalikuwa yamelala unene wa kidole. Aliniambia rangi mbili hizi nisizichanganye. Kutu nyekundu inazaliwa pale penye oksijeni nyingi. Tope jeusi linazaliwa ndani kabisa, oksijeni ikiwa haba: chuma cha rejeta kinaendelea kushikana na maji ya moto polepole, kinageuka kuwa magnetaiti, unga mweusi unaovutwa na sumaku, na katika kugeuka huko hidrojeni inatoka. Kwa hiyo gesi unayoitoa kwenye rejeta si lazima iwe hewa. Inaweza kuwa hidrojeni, nayo inashika moto. Asikaribie mtu na kiberiti wala sigara wakati wa kufungua kivalvu kile. Nimeona vijana wakionyeshana mchezo huo. Nyumba zina mapazia na watoto, jamani.

Kisha akafanya mambo mawili ambayo yalinifundisha kuliko maelezo yote.

La kwanza: aliomba bilauri ya maji. Akaiinua mpaka mdomo wa lile bomba la kupumulia ukazama ndani ya maji yake, akanituma chini niwashe pampu. Niliporudi juu, bilauri ilikuwa imepungua karibu nusu. Pampu ilikuwa inavuta kupitia bomba lile. Bila bilauri, inayovutwa ni hewa, kila pampu inapowaka, usiku na mchana, msimu mzima.

La pili: tulishuka kwenye kabati la tangi la maji moto, akatoa sumaku ndogo mfukoni na kuipitisha juu ya bomba linaloshuka kutoka tangi la darini. Shaba haishikwi na sumaku. Aliteleza nayo chini bila chochote, mpaka alipofika karibu na kiungio ambapo bomba hilo linakutana na mzunguko wa maji ya boila. Hapo sumaku ikang'ang'ania. Akaachia mkono, ikabaki imeganda kwenye shaba. Ndani ya bomba kulikuwa na tope la chuma la kutosha kuishikilia.

Basi kisa kizima kikafunguka. Maji hayakuweza tena kushuka kutoka darini kwa njia yake, kwa sababu njia ilikuwa imeziba. Mfumo ulipopungua maji, hakuna kilichojaza pengo. Pampu ilipovuta ikapata upenyo pekee uliobaki, lile bomba la wazi, na kumeza hewa. Hewa ikala chuma. Chuma kikazaa tope. Tope likazidi kuziba kiungio. Kama ningekubali boila mpya siku ile ya kwanza, ingefungwa juu ya mabomba yaleyale yanayomeza hewa. Na boila za sasa hazina uvumilivu wa zile za zamani. Tangu Aprili 2005 sheria ya Uingereza inataka boila mpya za gesi, isipokuwa pachache, ziwe za aina inayobana joto hata kutoka kwenye moshi, na ili zifanye hivyo njia za maji ndani yake ni nyembamba. Zile za chuma cha kusubu zilimeza tope miaka 30 zikaendelea kunguruma. Hizi haziwezi. Na mtengenezaji akikuta tope, dhamana anaweza kuikataa.

Fundi alikata kipande cha bomba kwenye kiungio, urefu wa kiganja. Alinipa nikitazame. Tundu halikuonekana, kulikuwa na kitu cheusi kigumu kilichojaa mpaka ukingoni. Akaweka bomba jipya na kiungio kipya, akabadilisha lile tangi chafu, akaliwekea kifuniko. Tulirudia jaribio la bilauri, maji hayakusogea. Kazi hiyo ilikuwa ya asubuhi moja tu, na gharama yake haikukaribia hata robo ya bei niliyoachiwa na yule wa kwanza.

Ndipo tukazungumza habari ya kusafisha.

Nilikuwa nimesikia juu ya ile mashine kubwa inayounganishwa kwenye mfumo na kusukuma maji kwa mwendo wa kasi huku ikimwagia dawa. Nilitarajia aipendekeze, maana ni kazi ya pauni mia kadhaa. Aliikataa. Sababu zake mbili nimezikuta kuwa za kweli kila nilipouliza tena kwingine. Kwanza, mashine hiyo inafanya kazi vizuri maji yanapoweza kukimbia, na kwenye mabomba membamba hayakimbii. Yakikuta pameziba yanachagua njia nyingine na kuacha kizibo palepale. Pili, rejeta ya miaka 40 inaweza kuwa na vitundu vidogo vilivyozibwa na tope lenyewe. Ukiling'oa kwa nguvu, usiku wake sakafu imelowa. Simaanishi kwamba mashine hiyo ni mbaya. Kwenye nyumba yenye mabomba mapana na rejeta nzima nimeiona ikirudisha joto siku ileile. Ninachosema ni kwamba atakayekuuzia bila kuuliza mabomba yako ni ya upana gani, hajaiangalia nyumba yako.

Alichofanya kwetu kilikuwa cha polepole. Alimimina dawa ya kusafishia isiyo na asidi, tukaiacha izunguke wiki kadhaa huku tunaendelea kutumia joto kama kawaida. Zipo dawa za asidi zinazofanya kazi kwa saa chache, lakini zinataka dawa nyingine ya kuzituliza na zinataka chuma chenye afya. Wiki hizo zilipopita, tulimwaga maji yote, na rejeta zilizokuwa na hali mbaya tukazitoa ukutani.

Kutoa rejeta ni kazi ninayoweza kuieleza kwa undani, maana niliifanya naye bega kwa bega. Boila imezimwa na maji yamepoa. Vali zote mbili za rejeta zinafungwa. Ile isiyo na namba za kuchagulia joto, unapoifunga, hesabu mizunguko ya spana na uiandike kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo inayogawa maji sawasawa kati ya vyumba na inapaswa kurudi palepale. Tandika mataulo ya zamani, juu yake plastiki, juu yake karai. Legeza nati ya upande mmoja taratibu, kivalvu cha juu kikiwa wazi, maji yatoke kwa mpangilio. Yanayotoka ni meusi ti, na yakigusa zulia la rangi hafifu, zulia limekwenda. Watu wawili wainue, waiinamishe ili maji yaliyobaki ndani yasimwagike, waitoe nje. Rejeta ya chumba cha mama, ambayo kwa macho ningesema ninaibeba peke yangu, ilitushinda nguvu mpaka mwanangu alipokuja kushika ncha. Tuliisimamisha bustanini juu ya karai kubwa, tukaingiza mpira wa maji upande mmoja na kuigonga gonga kwa nyundo ya mpira. Lilianza kutoka tope zito, laini, linalopaka vidole. Likaendelea kutoka mpaka nikaanza kuuliza kama chuma chenyewe kimebaki.

Maji yale hayamwagwi popote. Mimi ningeyaelekeza kwenye tundu la mvua la barabarani, fundi alinizuia. Hapa Milton Keynes maji ya mvua yana njia zake peke yake, tofauti na za choo, na yanaishia kwenye mito na kwenye maziwa yaliyochimbwa kuzuia mafuriko, Willen na Caldecotte miongoni mwake. Wikiendi tunakwenda huko na watoto kuangalia bata. Maji yenye dawa na chuma yanamwagwa chooni au kwenye tundu la maji machafu ya nyumba.

Baada ya kusuuza mpaka maji yatoke safi, alifanya mambo mawili ya kulinda, na haya ndiyo ninayowasisitizia watu kuliko mengine yote.

Moja ni chujio la sumaku, kopo dogo linalofungwa kwenye bomba linalorudi kwenye boila, ili kila tone lipite kwenye sumaku kabla ya kuingia. Kwetu bomba hilo karibu na boila ni pana, kwa hiyo lilipata nafasi. Miezi ya kwanza nililifungua mara nyingi, kwa sababu tope lililobaki mabombani huendelea kusafiri. Unazima boila, unaacha ipoe, unafunga vali mbili za chujio, unafungua kopo, unachomoa sumaku na kulifuta tope kwa kitambaa. Siku hizi mara moja kwa mwaka inatosha. Nikifungua nikakuta tope jingi kuliko mwaka uliopita, najua hewa imepata mlango mwingine, na naanza kutafuta. Kwangu hiyo ni faida kubwa ya chujio kuliko hata kukamata tope: linanipa habari za ndani.

Ya pili ni dawa ya kuzuia kutu. Aliyewahi kumiliki gari Dar es Salaam au Mombasa anajua fundi atakavyomfokea akijaza maji ya kisima kwenye rejeta ya injini badala ya kulenti. Hapa ni habari ileile. Dawa inatandaza utando mwembamba sana juu ya chuma na shaba, na kuzuia metali hizo mbili zilizoungana kwenye maji mamoja zisilane. Chupa ya lita 1 ya aina tuliyotumia inatosha maji ya lita 100 hivi, ambayo ni kadiri ya nyumba ya kawaida. Kwenye mfumo wenye tangi darini unaimimina tangini, kisha unatoa maji kidogo chini ili ishuke na kuingia kwenye mzunguko. Ukiiacha tangini inabaki tangini.

Dawa hii ina umri, na inachujuka kila maji mapya yanapoongezwa. Mwongozo wa Uingereza unaohusu maji ya mifumo hii, BS 7593 wa mwaka 2019, unataka chujio liwepo, dawa ipimwe kila mwaka, na kila baada ya miaka 5 maji yapelekwe maabara au dawa iwekwe upya. Ukimwuliza fundi anayekuja kukagua boila kama amepima dawa, mara nyingi utaona anashangaa kuulizwa. Uliza tu. Kuna vijikaratasi vya kupimia. Kuna pia kipimo cha misumari, alichonifundisha yeye, nami nakifanya kila vuli kabla baridi haijaingia: chupa mbili za kioo, moja ina maji ya bomba, nyingine maji yaliyotolewa kwenye rejeta. Kila moja naitumbukizia msumari mng'avu wa chuma usiopakwa zinki. Baada ya siku chache ule wa maji ya bomba una madoa ya kutu. Ule wa maji ya rejeta ukibaki unang'aa, dawa bado ina nguvu. Ukipata kutu, ni wakati wa kuongeza. Watoto wangu ndio wanaosimamia chupa hizo dirishani.

Habari ilipoenea kwamba ninaelewa mambo haya, nikaanza kuitwa. Shemeji yangu anakaa kwenye fleti yenye boila ndogo isiyo na matangi, inayopasha maji ya kuogea papo kwa papo. Malalamiko yake: maji ya bafuni yanakuja vuguvugu, ingawa rejeta zinapata moto. Nikamwuliza, "Shem, hii sindano ya presha, inashuka?" Akasema inashuka kila mara, naye kila mara anafungua vali na kuirudisha, ameshazoea. Pale ndipo palipokuwa na jibu. Mfumo uliofungwa ukiwa baridi unatakiwa kusimama kati ya bar 1 na 1.5 na kukaa hapo miezi. Kila anapofungua vali anaingiza oksijeni mpya, anaipunguzia nguvu dawa ya kuzuia kutu, na kwa kuwa maji ya mji huu ni magumu, anaingiza chokaa pia. Chokaa hiyo na tope vilikuwa vimeingia kwenye kile kibati ndani ya boila kinachohamisha joto kwenda kwenye maji ya kuoga.

Fundi wetu wa Lamu alikuta chombo cha kupokea mtanuko wa maji kimeishiwa hewa yake. Maji yakipata moto hayakuwa na pa kutanukia, presha inapanda, vali ya usalama inayofunguka kwenye bar 3 inatema maji nje kupitia kibomba kidogo ukutani, na mfumo ukipoa sindano inalala. Hakukuwa na bomba linalovuja ndani ya nyumba hata moja. Ukiona boila ya namna hii inapoteza presha na sakafu zote ni kavu, toka nje ukaangalie ncha ya kile kibomba. Kukiwa na alama ya maji ukutani chini yake, umeshajua pa kuanzia. Kazi ya ndani ya boila mwachie fundi aliyesajiliwa. Mimi nagusa rejeta, chujio na maji. Kifuniko cha boila sikifungui.

Shemeji amepanga, na hapo kuna jambo wapangaji wengi wa kwetu hawalijui. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya kupasha nyumba na maji. Ile karatasi ya gesi anayokupa kila mwaka inahusu usalama wa gesi. Haisemi lolote kuhusu hali ya maji ndani ya rejeta. Kwa hiyo usiambiwe "imekaguliwa" ukanyamaza na mtoto analala kwenye chumba cha baridi. Andika barua pepe, eleza rejeta ipi, moto wapi, baridi wapi, na tangu lini. Shemeji alipoandika hivyo, kibati kilibadilishwa na chombo cha mtanuko kikajazwa hewa, kwa gharama ya mwenye nyumba.

Yapo mambo madogo ninayoyafanya bila kufikiri tena. Kiangazi nawasha pampu dakika chache mara moja moja ili isigande. Tukipaka rangi chumba, rejeta inafungwa kwa vali zake na kutolewa peke yake. Hatumwagi mfumo mzima kwa ajili ya ukuta mmoja, kama inavyoonekana walivyokuwa wakifanya waliotutangulia kwenye nyumba hii, maana kumwaga mfumo mzima ni kuingiza maji mapya mamia ya lita kwa miaka. Darini napanda kila vuli na tochi kuangalia kifuniko na rangi ya maji. Tangi likiwa na mvuke au maji ya moto wakati rejeta zinafanya kazi, kuna maji yanayorudi juu kupitia bomba la kupumulia, nayo yanabeba hewa kila yanapoanguka tangini. Hilo nalo ni la kumwita fundi siku hiyohiyo.

Boila yetu ya zamani ilidumu miaka mingine mingi baada ya kazi ile, na ilipobadilishwa fundi alipima maji kabla ya kuifunga mpya, akakuta hayana haja ya kusafishwa. Pembeni yake kuna kadi iliyogandishwa kwa gundi: tarehe ya dawa, aina yake na kiasi chake, upana wa mabomba, na idadi ya mizunguko ya kila vali kwa kila chumba. Anayenunua nyumba ya zamani na aulize kama kuna kadi ya namna hiyo. Isipokuwepo, apande darini na tochi kabla hajatia sahihi.